Kukimbiza Jua la Ijumaa

Jumatano, 26 Aprili 1972

Mvua tena tangu saa nane. Kutoka Kisii kupanda Nyamira gia ya pili karibu njia nzima. Abiria wakanisema. Mama mmoja mwenye kuku alisema ni heri ashuke atembee, atafika kabla yangu. Nikamwambia nauli hairudishwi. Akakaa. Kuku naye akakaa.

Ochieng, kondakta wangu, aliniuliza kwa nini sikimbii kama wenzangu. Huyu ni mtu wa ziwani, Mkatoliki, hana haraka ya kufika popote, hata mbinguni. Nilimjibu kwamba kila dereva ana kitu kinachomsukuma mgongoni, na changu ni uoga. Akacheka. Mimi nilikuwa nasema kweli.

Nawachunguza madereva. Si kwa ubaya. Ukiwa stendi ya Kisii unangoja gari lijae utafanya nini kingine? Dereva wa lori la ndizi hukimbia kwa sababu ndizi zikiiva njiani atatukanwa yeye, si jua. Dereva wa serikali hutambaa asubuhi, maana anakwenda kazini. Jioni huruka, maana anatoka. Onchiri, mwenzangu wa basi la Nyaramba, hukimbia kwa sababu wasichana wa shule wamemtungia wimbo. Mtu akishaimbiwa, mguu wake si wake tena.

Haya naandika kwa Kiswahili nilichojifunza kwenye magazeti ya kufungia sukari. Mke wangu Kemunto, Mama Moraa, husoma Ekegusii tu. Ni bora hivyo.

Ijumaa, 28 Aprili

Kavu. Nimefika Magwagwa jua bado lina upana wa kiganja. Bahati, si ufundi.

Ijumaa ni siku ya pekee kwa sisi madereva wa Mzee Nyabuto. Mzee ana mabasi mawili na ni mzee wa kanisa letu la Wasabato. Sabato huingia Ijumaa jua likizama, na jua likizama mabasi yake yawe yamelala. Huo ndio mkataba. Kanisani kuna rimu ya lori imening'inizwa, mtu huigonga kwa nyundo, basi, kazi imekwisha mpaka kesho jioni.

Vizuri. Naikubali Sabato. Nilibatizwa mtoni kwa hiari yangu, na maji yalikuwa baridi. Lakini Mzee anataka tuondoke Kisii saa kumi, baada ya walimu na makarani kutoka kazini na wanawake kufunga soko, kwa sababu saa hiyo gari hujaa. Kutoka saa kumi mpaka jua kuzama, barabara ikiwa kavu, inatosha. Ikiwa na matope haitoshi. Na hapa kwetu mvua haiulizi siku.

Nimegundua jambo. Abiria yule yule anayenililia Jumatatu, "Polepole baba, nina watoto," Ijumaa ananigonga bega kwa mwavuli. "Kanyaga, baba. Jua linatuacha." Bonde ni lile lile. Siku ya Ijumaa hawalioni.

Ijumaa, 5 Mei

Mvua kubwa. Nimeingia Magwagwa giza limeshika. Rimu ilikuwa imegongwa kitambo. Watu wote wazima, hata mayai ya mtu fulani.

Mzee alikuwa amesimama kituoni na mwavuli. Nikampa ufunguo kama kawaida. Hakuupokea. Alisema hawezi kushika ufunguo wa kazi saa ya Sabato, nikae nao mpaka kesho jioni. Akaniacha nimenyoosha mkono.

Nimeudhika. Naandika hivyo hivyo. Nimeudhika.

Jumamosi, 6 Mei (jioni, jua limezama)

Onchiri alipindua basi jana. Kona ya mwisho kabla ya Nyaramba. Liliacha barabara likalala ubavu kwenye chai ya mtu. Mama mmoja mkono umevunjika. Wengine michubuko.

Leo kanisani akaitwa mbele atoe ushuhuda. Kitambaa cheupe kichwani, suti. Akaeleza jinsi Mungu alivyolilaza gari taratibu, kama mama anavyolaza mtoto. Kanisa likasema Amina. Mama wa mkono naye akasimama akashukuru, mkono umefungwa kwa kanga. Amina tena. Mzee Nyabuto akapangusa macho. Gari lake lilikuwa limelala kabla ya jua kuzama.

Kisha yakaja matangazo. Kuna ndugu mmoja, hakutajwa, anayeingiza Sabato na ngurumo za injini. Watu wote walitazama mbele kwa bidii hata nikajua wananitazama mimi.

Kwa hiyo aliyelipindua gari ana ushuhuda. Aliyelifikisha ana kesi.

Tulipofika nyumbani Kemunto akasema walau Onchiri alijaribu. Akasema tena kwamba nikipoteza usukani huu tutabaki na pareto na mistari michache ya chai, na mimi si mtu wa jembe, yeye ananijua. Kweli. Tangu nilipojifunza lori kwenye shamba la mzungu kule Sotik sijaipenda kazi nyingine. Nikishika usukani huwa mtu kamili. Nikiushusha, ni mume tu wa Mama Moraa.

Jumatatu, 8 Mei

Gari la Onchiri limevutwa mpaka Kisii kwa fundi. Yeye anashinda stendi bila kazi. Watu wanamnunulia chai kwa sababu ya muujiza.

Nilikaa naye pembeni. Nikamuuliza kama dereva kwa dereva: ile kona hukuiona? Akakoroga chai muda mrefu.

"Niliiona, Makori. Nikasema, huyu ninayemkimbilia atanishikia."

Hakusema kwa mzaha. Nimelifikiria neno hili siku nzima. Onchiri wa Jumanne hukimbilia wasichana, na anajua wasichana hawawezi kushika gari likiteleza. Kwa hiyo kwenye kona hupunguza. Onchiri wa Ijumaa anamkimbilia Mungu, na kwa kufanya hivyo amejifungia breki ya pili ambayo hakuna fundi aliyeikagua. Mtu anayekimbia kwa sababu mbaya huwa mwangalifu. Anayekimbia kwa sababu njema ndiye wa kumwogopa.

Jumanne, 9 Mei

Nimekwenda kwa Mzee, kofia mkononi. Nikamwomba Ijumaa tuondoke saa nane badala ya saa kumi. Nilieleza vizuri, bila maneno makali.

Amekataa. Saa nane, anasema, stendi kuna mbwa na makondakta tu. Hawezi kubeba viti vitupu. Tena imani ya dereva huonekana Ijumaa.

Nikamwelewa. Mzee analitaka jua na anawataka abiria, na mguu wangu ndio anaotaka uviunganishe hivyo viwili. Nimemwambia asante. Sikumaanisha.

Ijumaa, 12 Mei

Nimechelewa tena. Safari hii niandike yote.

Baada ya Nyamira mvua ilikatika. Kuna kipande kirefu kilikuwa kikavu, kimenyooka, hakina mtu wala ng'ombe. Ningeweza kuongeza mwendo bila hatari yoyote. Sikuongeza. Abiria walikuwa wameanza kuniita Konokono, wakipokezana, Konokono huyo, Konokono huyo, na mimi nikalishikilia gari kwenye gia ya pili kama mtu anayemshikilia mbuzi wa jirani. Nikapiga honi hata. Honi ya furaha.

Nimejichunguza kama ninavyowachunguza wengine. Uoga haukuwamo. Nilisukumwa na kiburi. Onchiri anakimbia aonekane, mimi natambaa nionekane. Tofauti ni kwamba changu hakivunji mtu mkono. Hiyo tofauti nitaishika.

Mzee alikuwa kituoni. Ufunguo nimelala nao.

Jumapili, 14 Mei

Baraza la kanisa. Wazee wanne kwenye benchi, mimi kwenye kigoda. Kigoda kifupi makusudi.

Hawakuniuliza, waliniambia. Kwamba nimeingia ndani ya Sabato mara mbili na mashine ya kazi. Kwamba vijana wananiona. Mmoja, ambaye mkewe hunigonga na mwavuli kila Ijumaa, alisema sina bidii ya kiroho. Nilijaribu kutaja mkono wa yule mama. Wakasema huo ni ushuhuda mwingine.

Uamuzi: Ijumaa ijayo Mzee Nyabuto atapanda gari mwenyewe aone. Jua likinikuta njiani, naweka ufunguo chini na jina langu linapelekwa mbele ya kanisa.

Mzee akamalizia. Jua likizama, gari lake lisitembee.

Nikamuuliza, "Hata kama hatujafika, Mzee?"

"Jua likizama lisitembee, Makori. Nimesema."

Wazee wote wakatikisa kichwa kwamba amesema. Nami nikatikisa. Nilitoka pale nikiwa mwepesi kuliko nilivyoingia.

Jumatano, 17 Mei

Nimekagua breki. Nzuri. Nimebadilisha jiwe la kuzuia gurudumu, la zamani lilikuwa dogo. Ochieng ameuliza jiwe kubwa hivi la nini. Nikamwambia la Ijumaa. Akanitazama, akaanza kucheka polepole kama mtu anayepanda mlima.

Kemunto anasema nina uso wa mwizi. Nilimjibu ni uso wa mcha Mungu, hajauzoea.

Jumamosi, 20 Mei (jioni)

Jana sikuandika. Ilikuwa Sabato, na kwa sasa mimi ndiye Msabato kuliko wote wa Magwagwa.

Ilikuwa hivi. Mzee alikaa kiti cha mbele, koti refu, kofia, saa ya mfukoni yenye mnyororo. Saa kumi ikafika. Nikawasha. Akasema ngoja, viti viwili bado. Akashuka yeye mwenyewe kuwaita watu wawili waliokuwa wakila mahindi ya kuchoma ng'ambo ya barabara. Wakaja na mahindi yao, polepole. Mimi nikatazama mbele. Raha niliyoisikia ilikuwa dhambi ndogo.

Mvua ikatukuta Nyamira. Matope mekundu, yale ya kuteleza kama ndizi iliyoiva. Mzee akasema ongeza kidogo. Nikaongeza kidogo. Akasema ongeza. Nikaongeza mpaka pale barabara iliporuhusu, na hapo nikabaki. Safari hii sikutambaa kwa kiburi, niandike hilo. Nilikwenda mwendo wa matope, hata robo pungufu hapana. Nilitaka tukishindwa, tushindwe na saa kumi, si na mimi.

Tukiteremka kuelekea mto, kabla ya kilima cha mwisho cha Magwagwa, ng'ambo ya bonde rimu ikagongwa. Mawingu yalikuwa yamefunika, jua hakuna aliyeliona, lakini rimu tuliisikia sote. Mzee akatoa saa yake. Akairudisha.

Nilisogeza gari pembeni mahali pa tambarare, nikavuta breki ya mkono. Ochieng akaruka na lile jiwe. Nikazima injini. Ukimya. Mvua kwenye bati tu.

"Heri ya Sabato, Mzee," nikasema.

Kwanza abiria walidhani ni pancha. Walipoelewa, kelele. Mwalimu mmoja Mkatoliki alisema Sabato yake ni keshokutwa na amelipa nauli ya kufika. Bibi wa nyuma akasema dereva ameokoka wakati mbaya, yeye ana njaa. Mtu wa mahindi akapendekeza nipigwe, akatazama mikono yangu, akaacha.

Mzee aliinama karibu na sikio langu. Kwa Ekegusii, kwa sauti ya chini, kama baba. Tumekaribia, mwanangu, malizia tu, ni kilima kimoja.

Nikamjibu kwa Kiswahili ili hata Ochieng asikie. "Mzee, unaniamuru nifanye kazi siku ya Sabato?"

Mzee angeweza kusema ndiyo. Neno moja, tungefika tukiwa tumekauka. Nilimtazama kinywani. Nilitaka aseme, ili kuanzia hapo kila Ijumaa iwe yake na si yangu. Nilivyotaka kwa nguvu, mimi mwenyewe sikujipenda.

Hakusema. Alivaa kofia yake vizuri, akafungua mlango, akashuka kwenye matope.

Tukatembea. Basi zima. Mabunda kichwani, watoto mgongoni, viatu mkononi. Mwalimu alinitukana kilima kizima bila kurudia tusi, nikamheshimu. Ochieng alibaki kulinda gari. Alisema maisha yake yote ametamani nyumba yenye madirisha mengi hivyo.

Katikati ya kilima Mzee aliteleza akapiga goti. Nikamshika kiwiko. Sikutegemea angekubali. Akakubali. Tulipanda hivyo mpaka juu, mimi na yeye, na palipokuwa tambarare akakitoa kiwiko chake taratibu, akaenda zake.

Leo kanisani hakuna aliyetaja kitu. Wazee wanne walitazama vitabu vya nyimbo. Watasema nini? Kwamba nimeshika Sabato kupita kiasi?

Jumapili, 21 Mei

Asubuhi nilikwenda na Ochieng tukalitoa gari. Salama. Nikalipanda kilima taratibu, nikijua.

Mzee alikuja hapa nyumbani mwenyewe, hakutuma mtu. Kemunto akampa kiti na chai. Alikunywa yote kabla ya kusema.

"Sikufukuzi kwa kuchelewa. Sikufukuzi kwa Sabato. Umenitembeza kwenye matope mbele ya watu wangu, Makori."

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kweli aliyowahi kunipa. Nikampa ufunguo. Safari hii aliupokea.

Alipokwenda nilikaa uani. Mikono haikujua iwekwe wapi. Nilidhani Kemunto angelia. Alikusanya vikombe, akasimama mlangoni.

"Na pareto pia utachuma kwa gia ya pili, Baba Moraa?"

Nilicheka mpaka nikaumia. Kisha sikucheka tena leo.

Jumatano, 24 Mei

Mgongo. Mama yangu alichuma pareto miaka yote bila kusema mgongo. Sikuwahi kumuuliza.

Naukumbuka usukani. Mguu wa kushoto unakanyaga klachi usingizini, Kemunto amelalamika.

Ochieng alikuja, na samaki wawili wa kukaushwa, zawadi. Kwanza akatoa ujumbe wa Mzee. Nikisimama mbele ya kanisa nikaomba radhi, gari ni langu tena.

Niombe radhi kwa kosa gani? Kwa kuzima injini rimu ilipogongwa? Kama kuna kosa la Ijumaa ile, lilikaa kiti cha mbele likiita watu wa mahindi. Nimekataa. Ochieng akasema, "Ndugu yangu, unaweza kusema pole tu, pole haina uzito." Nikamwambia yangu ina uzito. Akaitazama migongo ya mikono yangu, imechubuka.

Halafu akatoa habari yake mwenyewe. Walimu na wanawake wa soko wamemwambia Mzee hawatapanda basi lake Ijumaa kama hawajui litasimama wapi. Hakuna anayetaka kile kilima tena. Mwalimu yule wa matusi ndiye aliyewaongoza. Wao wenyewe wamesema, ni heri tuombe ruhusa, tufunge soko mapema, gari liondoke saa nane. Na Mzee amekubali. Basi langu amepewa Onchiri, mpaka lake litengenezwe.

Nilisema samaki ni wakubwa.

Ijumaa, 26 Mei

Tuko kwenye chai tangu asubuhi, mimi na Kemunto, mstari wa karibu na barabara. Mvua haijanyesha bado. Inakuja, inanukia.

Basi limepita jua likiwa juu. Nililisikia toka mbali, nikaijua injini. Onchiri, kiwiko dirishani. Gia ya pili.

Chini ya shamba letu mtu alikuwa anavusha ng'ombe. Onchiri akasimama. Mmoja alikataa kuvuka, akarudi, akavuka tena. Onchiri akangoja tu. Hakupiga honi. Ndani hakuna aliyempigia kelele. Mama mmoja alikuwa amelala, kichwa kwenye kioo. Mtu ni yule yule. Barabara ile ile, bonde lile lile.

Ng'ombe wakaisha. Akaondoka taratibu.

Sikumpungia mkono. Si hasira, mikono ilikuwa imejaa majani. Kemunto alinyoosha mgongo, akalitazama gari likipanda, akanitazama mimi. Nilisikiliza mpaka alipobadilisha gia juu kule. Aliibadilisha vizuri.

Kisha tukasogea mstari unaofuata. Kikapu changu bado ni nusu.